Dazeni nne za mipira ya gofu ya bei ya juu: nilichokipata na nilichokipoteza

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikicheza gofu kwa mpira wa aina moja tu, Titleist Pro V1, isipokuwa mahali pamoja nitakapopaeleza, na naandika haya nikiwa nimebakiwa na mitatu kati ya 48 niliyonunua. Nililipa shilingi 190,000 kwa kila dazeni, yaani karibu shilingi 16,000 kwa mpira mmoja. Nilifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu swali la kama mchezaji wa ridhaa ananufaika kweli na mpira huo huzungumzwa klabuni kwetu hapa Dar es Salaam kila Jumamosi jioni, na sijawahi kumsikia mtu akilijibu akiwa na hesabu mkononi. Nina umri wa miaka 52, handikapu yangu (kipimo cha kiwango cha mchezaji, ambacho kadiri kilivyo kidogo ndivyo anavyokuwa bora) ilikuwa 19 nilipoanza, sina nguvu nyingi za kupiga, na kabla ya hapo nilichezea mipira yoyote ambayo vijana wanaoiokota bwawani waliniuzia kwa shilingi 3,000 kila mmoja.

Nianze na mapigo ya mbali, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunapotarajia kuiona fedha yetu. Jioni moja, uwanja ukiwa mtupu, nilipiga kwa draiva, fimbo ya mapigo ya mbali, mipira 10 ya bei ya juu na 10 ya bei nafuu, ile yenye kiini kimoja na gamba gumu ambayo dukani huuzwa kwa takribani shilingi 80,000 kwa dazeni. Kedi wangu, kijana anayenibebea fimbo, aliitia nukta za wino, hii nyekundu na ile nyeusi, akawa ananiwekea mmoja mmoja juu ya tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, bila kuniambia ni upi, kisha tukaongozana kwenda kupima. Wastani wa makundi hayo mawili ulitofautiana kwa mita 3, na mita hizo hazikuniambia lolote, kwa sababu pigo langu fupi kuliko yote lilifika mita 148, refu kuliko yote likafika mita 203, na yote mawili yalikuwa ya nukta nyekundu, yaani ya aina moja. Kilichoamua umbali ni mahali uso wa fimbo ulipokutana na mpira.

Matokeo hayo hayapaswi kumshangaza mtu anayezijua sheria. Mpira unaoruhusiwa katika mashindano hautakiwi kuzidi uzito wa gramu 45.93 wala kuwa na kipenyo kilicho chini ya milimita 42.67, na vyombo viwili vinavyosimamia sheria za mchezo huu duniani, R&A na USGA, huipima mipira kwa mashine ili isivuke kikomo cha kasi inayoondokea kwenye fimbo na kikomo cha umbali. Mstari huo ni mmoja kwa mpira wa shilingi 16,000 na kwa mpira wa shilingi 7,000, kwa hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kukuuzia kihalali mita zilizo nje yake. Nilipokwenda Usa River, karibu na Arusha, kucheza katika uwanja wa Kili Golf, ambao uko juu sana ukilinganisha na sisi tunaocheza usawa wa bahari, niliona mipira ikienda mbali zaidi kwa sababu ya wepesi wa hewa, lakini ya ghali na ya rahisi ilikwenda mbali kwa pamoja.

Mambo yalibadilika tulipoikaribia grini, yale majani yaliyokatwa chini kabisa kuzunguka shimo ambako mpira husukumwa, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo ilipo thamani yote ya mpira huu.

Pro V1 ina tabaka tatu: kiini kikubwa chenye kunyumbuka, tabaka jembamba gumu linalokizunguka, na juu yake gamba laini la yurethani. Mipira ya bei nafuu kwa kawaida huwa na gamba la ayonoma, plastiki ngumu inayostahimili sana, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Surlyn. Unapopiga pigo fupi kwa weji, fimbo ya mapigo ya karibu yenye uso uliolala, gamba la yurethani hubanwa kati ya mifereji ya uso wa fimbo na lile tabaka gumu lililo chini yake, likashikwa kwa kitambo kidogo sana, na mpira ukaondoka ukijizungusha kinyumenyume kwa kasi. Gamba gumu halishikiki namna hiyo. Huteleza na kupanda juu ya uso wa fimbo, ukaondoka kwa kimo kikubwa zaidi bila mzunguko wa kutosha. Ukiutazama mpira wa yurethani baada ya pigo safi la weji, utaona kwenye gamba lake vistari vilivyochubuka, na ukivipapasa kwa kidole utahisi ukwaru kama wa karatasi iliyokwaruzwa. Mwanzoni nilisikitika nilipoviona, nikidhani mpira umeharibika. Sasa ninapoviona najua kuwa fimbo iliushika.

Watu waliocheza zamani watakumbuka kwamba uchaguzi ulikuwa mgumu kuliko leo. Wachezaji wa kulipwa walitumia mpira uliosukwa kwa nyuzi za raba na kufunikwa kwa balata, kitu kama raba, laini na wenye kutii, lakini pigo moja baya la aironi, fimbo ya chuma, liliweza kuupasua kama chungwa, na sisi wengine tulichezea mpira mgumu uliodumu lakini haukusimama popote. Pro V1 ilipoingia mwishoni mwa mwaka 2000 iliziunganisha sifa hizo mbili katika mpira mmoja, na mipira ya nyuzi ikatoweka haraka katika mashindano ya kulipwa. Kwa hiyo tunapouita mpira wa ghali, tukumbuke pia kwamba ni mpira mzuri.

Nilipima tofauti hiyo kwa hatua. Nikiwa mita 35 kutoka kwenye bendera, mpira ukiwa umekaa vizuri juu ya majani mafupi, nilipiga mipira 12 ya kila aina, na kedi akachomeka kijiti kila mpira ulipoangukia na kingine uliposimama. Ya gamba gumu ilikimbia hatua 7 au 8 baada ya kuanguka. Pro V1 ilidunda mara moja, ikadunda ya pili kwa unyonge, kisha ikasimama baada ya hatua 3, mara chache 4. Tofauti ya hatua 4 ni tofauti kati ya kusukuma mpira mara moja na kuusukuma mara mbili, na mchezaji yeyote wa handikapu kama yangu anajua ni mara ngapi kwa raundi hujikuta katika umbali huo.

Kisha tulisogea hatua mbili tu pembeni, kwenye majani marefu, tukarudia zoezi lile lile, na tofauti ikapotea karibu yote. Majani huingia kati ya fimbo na gamba, unyevu wake ukalainisha mgusano, na yurethani ikakosa kitu cha kushikwa nacho. Hili ni jambo ambalo matangazo ya mipira hayalisemi kwa sauti, nalo lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu mchezaji wa ridhaa hupiga mapigo yake mengi ya karibu akiwa ndani ya majani marefu. Ndani ya grini kwenyewe, katika kusukuma, sikuona faida yoyote ya kuhesabika. Sauti ni nzito na ya upole zaidi, nami naipenda, lakini sauti haijawahi kuuingiza mpira shimoni.

Baada ya raundi 31 handikapu yangu imeshuka kutoka 19 hadi 17. Sitaki kuuvika mpira sifa yote, kwa kuwa katika miezi hiyo nilifanya mazoezi mengi zaidi ya mapigo mafupi kuliko nilivyowahi kufanya. Ila naamini sehemu ya mazoezi hayo ilizaa matunda kwa sababu nilikuwa na mpira mmoja ule ule, ambao nilijifunza jinsi unavyoanguka na unavyosimama. Nilipokuwa nikichezea mipira ya kuokotwa, mmoja mgumu leo na mmoja laini kesho, kila pigo la karibu lilikuwa kubahatisha.

Sasa nielezee gharama, na mahali pale pamoja nilipopaahidi.

Katika raundi 31 nilipoteza mipira 41 na kuchakaza minne. Ukigawanya, ni kama shilingi 23,000 kwa kila raundi, kiasi kinachokaribia malipo ya kedi wangu. Mingine ilipotelea vichakani, ambako tuna dakika 3 tu za kuutafuta tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019, lakini 14 kati ya hiyo 41 ililala katika bwawa moja, mbele ya shimo la pa 3, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo matatu, ambalo hupigwa kutoka mita 140.

Katika raundi sita za mwanzo, kila tulipolifikia shimo hilo kedi wangu alisimama, akaufungua mfuko na kuniuliza kwa adabu, "Mzee, nitoe mpira wa maji?" Mpira wa maji ni ule mkuukuu wa kubahatishia, ambao ukizama hauumi moyo. Nami nilikuwa nikimjibu, "Utoe, kijana wangu." Sheria inaruhusu kubadilisha mpira unapoanza shimo jipya, kwa hiyo hatukuwa tunamdanganya mtu. Siku ya raundi ya sita nilipiga mpira wa maji vizuri sana, ukavuka, ukaangukia katikati ya grini, ukadunda kwa nguvu na kutoka kwa nyuma hadi kwenye mchanga. Nilisimama pale pa kuanzia nikatambua nilichokuwa nikifanya: nilikuwa nimenunua mpira unaosimama, kisha ninauficha mfukoni kwenye shimo pekee ambalo kusimama kwa mpira ndiyo kazi yote. Katika mashindano ya kulipwa mara nyingi huwekwa kanuni inayomlazimu mchezaji kutumia mpira wa chapa na aina moja raundi nzima, na siku ile nilielewa kwamba kanuni hiyo ingenifaa hata mimi.

Tangu hapo nikaacha mpira wa maji. Lakini kusema kweli, mkono haukukubali upesi. Nikiwa na mpira wa shilingi 16,000 miguuni na maji mbele yangu, nilikuwa nikiikaba fimbo, nikilikatisha pigo kabla halijakamilika, na mpira ukazama kwa sababu ya hofu yenyewe. Kadi zangu zinaonyesha hivyo: kwenye shimo hilo nilifanya vibaya zaidi katika raundi 10 zilizofuata kuliko nilivyofanya na mpira mkuukuu. Gharama hii haiandikwi kwenye kasha, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko ile ya shilingi.

Kuna aliyenishauri nikwepe bei kwa kununua Pro V1 zilizotumika. Ushauri huo si mbaya, lakini unahitaji jicho. Nilinunua 12 kwa muuzaji mmoja, nyeupe zinazong'aa, kwa shilingi 6,000 kila moja, na katika pigo la tatu la weji ngozi nyembamba ya rangi ilibanduka ikaning'inia kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na mpira wa manjano iliyofifia, wenye nembo ya kampuni nyingine kabisa. Ulikuwa umepakwa rangi upya na kupigwa chapa. Mpira uliotumika ununue ukiwa na mikwaruzo yake na alama ya kalamu ya mwenyewe wa kwanza, maana alama hizo zinathibitisha kwamba haujapakwa kitu. Tena ule uliokaa majini muda mrefu hupoteza nguvu hata kama kwa macho ni mzima, na aliyeuokota huenda hajui ulizama lini.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Anayepoteza mipira mitatu au zaidi kwa raundi asinunue mpira wa daraja la juu, hata kama ana uwezo, kwa sababu hautakaa mikononi mwake muda wa kutosha kumfundisha chochote. Anayepoteza mmoja au pungufu, na anayepiga mapigo mengi ya karibu kutoka kwenye majani mafupi, atapata thamani ya fedha yake, na asiuchanganye na mpira mwingine. Sisi tulio katikati tuna njia ambayo ningeifuata tangu mwanzo kama ningejua: mipira ya tabaka tatu yenye gamba la yurethani iliyo chini ya daraja la juu, kama Srixon Q-Star Tour au TaylorMade Tour Response. Nimeijaribu Q-Star Tour kwa raundi nne, nje ya zile 31, niliyoinunua kwa shilingi 125,000 kwa dazeni, na kutoka mita zile zile 35 inakimbia hatua 4, wakati mwingine 5. Hatua moja zaidi ya Pro V1 naweza kuivumilia, na tayari nimelipiga lile shimo la bwawa mara nne kwa mkono uliolegea. Mmoja ulizama, mitatu ikavuka.

Pro V1 tatu zilizobaki nimemwahidi kedi wangu. Yeye hucheza Jumatatu, makedi wanaporuhusiwa uwanja, kwa handikapu ya 5 na fimbo za kuazima, na mmoja kati ya ile minne iliyochakaa, niliompa mwezi uliopita, bado anao, ukiwa umejaa vistari vya weji pande zote.