Cu Chi: bunduki wanazofyatua watalii ziondolewe pale

Tangu turudi kutoka Vietnam hasira haijanishuka. Kama uko Ho Chi Minh City na unataka kwenda kuona mahandaki ya Cu Chi, walimojificha wapiganaji wa Vietnam wakati wa vita na Wamarekani, nisikilize kwanza, hasa kama utaongozana na mtu aliyeonja vita.

Mimi nilikwenda na shangazi yangu, aliyeikimbia Bujumbura miaka ya tisini. Kampuni iliyotupeleka ilitupa ratiba: mahandaki, filamu, chakula, kurudi mjini. Haikutaja popote kwamba humo humo kuna uwanja wa shabaha ambapo mtalii ananunua risasi za moto na kufyatua AK-47 au M16 kwa starehe yake. Mahali walipokufa watu!

Tulikuwa kwenye maonyesho ya mitego ya vita. Mwongozaji anaeleza jinsi askari wa Marekani alivyotumbukia na kuchomwa na miiba ya chuma, wenzetu wanacheka, wanapiga picha. Mara milio ikaanza, mfululizo. Shangazi alichuchumaa palepale, mikono kichwani. Nikamwambia mwongozaji tunataka kutoka. Akacheka. "Mwambie mama asiogope, ni watalii tu wanajifurahisha." Halafu akasema kundi halisubiri mtu, kama hatuwezi tukakae kwenye viti vya mapumziko. Na hivyo viti viko wapi? Pembeni ya uwanja wa bunduki, kwenye duka la soda na aiskrimu. Yaani nimchukue mtu anayetetemeka kwa risasi nikamkalishe zinakolia! Hata pole hakusema.

Hapo ningeandika msiende kabisa. Lakini shangazi mwenyewe ndiye aliyekataa kurudi nyuma. Alinyanyuka, akafunga kitenge vizuri, akasema anataka kuona watu hao waliishije chini. Na kusema kweli, walichofanya wale wanavijiji kinastahili heshima: walianza kuchimba wakati wa kupigana na Wafaransa, mtandao ukafika kama kilomita 250, na mwaka 1966 Wamarekani wakajenga kambi yao karibu juu yake. Walipika humo, moshi wakiupitisha kwenye mifereji ya udongo utokee mbali, tena alfajiri ili uchanganyike na ukungu. Tulipewa muhogo wa kuchemsha na karanga za kusaga, kama waliokula wao. Shangazi aliula wote, kisha akauliza: wanawake walijifungulia wapi? Mtoto akilia ndege ziko juu, walimnyamazishaje? Mwongozaji akatazama saa.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya zile bunduki. Alikuwa amepata mgeni aliyeelewa mahali pale kuliko sote, akamwona anachelewesha basi.

Basi nendeni. Nyota moja niliyotoa nimeiongeza iwe tatu kwa ajili ya waliochimba, ingawa nikikumbuka vile viti natamani kuzifuta zote. Mahandaki yana sehemu mbili za kutembelea. Sisi tulipelekwa Ben Dinh, karibu zaidi na mjini, kunakojaa mabasi. Ninyi ombeni mpelekwe Ben Duoc, kwenye hekalu lenye majina ya mashujaa zaidi ya 44,000 waliokufa vitani. Shangazi angetaka kusimama pale. Alipouliza kama tutafika huko, aliambiwa haliko kwenye tiketi.

Kampuni nimeiandikia zaidi ya mara moja. Jibu nililopata ni tangazo la safari ya mto Mekong kwa bei ya punguzo.