Tuisheni ya Hisabati Kariakoo, kwa sisi tunaorudia mtihani

Nauza vitenge Kariakoo, nina miaka 31, na Novemba hii narudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeshapita vituo vitatu vya tuisheni, viwili vimenilia hela bure. Hiki cha tatu kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo. Jina siliandiki, hata bango lao lilianguka wakati wa masika na hakuna aliyelirudisha.

Nianze na ubaya. Feni ziko mbili, inazunguka moja. Umeme ukikatika mnasoma kwa tochi za simu. Kipindi ni elfu mbili, unalipa mlangoni, na yule kijana wa mlangoni sijawahi kumkuta na chenji. Choo tukiache.

Sasa, kilichonifanya nibaki ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anayefundisha Jumanne na Alhamisi.

Kule kituo cha kwanza kutoa vekta, ile mishale ya Hisabati inayoandikwa kwa namba mbili, tulifundishwa kwa dakika kumi: ya kwanza toa ya kwanza, ya pili toa ya pili, haya mada nyingine. Namba nilikuwa napata. Kama a ni (6, 2) na b ni (2, 5), a kutoa b ni (4, -3), basi. Swali likisema "chora" ndipo naanza kutafuna kalamu. Mshale uanzie wapi? Ncha ielekee wapi? Nilipouliza nikajibiwa, "Dada, hiyo haitoki." Ikatoka kwenye jaribio lililofuata.

Mzee yeye alichora mitaa ya Kariakoo ubaoni, imenyooka na kukatana kama ilivyo. Pale Msimbazi inapokutana na Uhuru akaandika O. Duka A akaliweka mitaa 6 kulia na 2 juu; duka B, mitaa 2 kulia na 5 juu. Kisha akanigeukia. "Mama Vitenge, mkokoteni uko B, mzigo unatakiwa A. Huyu kijana atarudi kwanza Msimbazi?"

Darasa zima likacheka. Nani wa mkokoteni atakubali!

"Basi mwelekeze."

Nikahesabu kwa kidole: nne kulia, tatu chini. Nikanyamaza, maana niliiona ile (4, -3) yangu imekaa pale ubaoni. "Umeshatoa vekta," akasema, akaendelea kufuta chaki kwenye shati lake.

Kauli yake ndiyo ninayotembea nayo: anayetolewa ndiye anayeachwa nyuma. Mikia ya a (O hadi A) na b (O hadi B) ikiwa pamoja, a kutoa b unaondoka kwenye ncha ya b unakwenda ncha ya a. Ukiandika b kutoa a unapata (-4, 3), urefu uleule, ila umegeuka kabisa. Mimi miaka yote nilikuwa naigeuza bila kujua. Urefu wenyewe ni kanuni ya Pythagoras tu: 4 mara 4 ni 16, 3 mara 3 ni 9, jumla 25, kipeuo chake cha pili 5. Mkokoteni utakwenda mitaa 7, tano ni ya kunguru anayepita juu ya mapaa.

Wiki iliyofuata akaleta njia ya pili: igeuze b iwe (-2, -5), uiunge kwenye ncha ya a kisha ujumlishe. Unaishia (4, -3) ukipima kutoka O. Hapo nikamkatalia. Mwalimu, shikamoo, lakini mshale huu uko huku, ule wa wiki iliyopita uko kule! Akaweka rula yake ya mbao juu ya mshale wa kwanza, akaisogeza taratibu bila kuizungusha hata kidogo, ikalala juu ya wa pili. "Vekta ina urefu na uelekeo. Anwani haina." Halafu kwa a na b akafunga msambamba, umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba: ulalo unaotoka O ni jumla, (8, 7), na ule mwingine ndiyo tofauti yetu.

Kasoro zake? Anaandika herufi za sisimizi, madaftari hasahihishi, na Yanga wakishinda nusu saa ya kwanza imekwenda. Kubwa zaidi ni mwendo. Vekta tumekaa nazo wiki tatu, matriki bado hata hajazigusa, na Novemba haisubiri mtu. Kwa anayetaka mada zote zipitiwe haraka, hapa atagombana na watu. Mimi nampa mzee nne kati ya tano, kituo mbili.

Ukija, njoo Jumanne au Alhamisi. Fika kabla ya saa kumi na mbili upate benchi la upande wa feni inayofanya kazi, na elfu mbili yako iwe kamili mkononi.