Bluey: katuni ya dakika saba inayomkalisha hata mzazi

Katuni nyingi mzazi huziwasha ili apate nafasi: mtoto atulie, wali uive, nguo zianikwe. Bluey haifai kwa kazi hiyo. Inamvuta mzazi sebuleni, na ikiisha inamwachia deni, kwa sababu mtoto atataka mchezo aliouona uchezwe hapo hapo. Anayetafuta cha kumtuliza mtoto kwa saa nzima atafute kingine. Anayetaka dakika ishirini za kweli na wanawe kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa maoni yetu hakuna katuni inayoishinda hii kwa sasa.

Imetengenezwa na Ludo Studio ya Brisbane, Australia. Aliyeibuni ni Joe Brumm, na ilianza kuonyeshwa Oktoba 2018. Ni familia ya mbwa wanaoishi kama watu: baba Bandit ni mwanaakiolojia, mama Chilli anafanya kazi ya ukaguzi wa usalama uwanja wa ndege, Bluey ana miaka sita hadithi inapoanza, na mdogo wake Bingo ana minne. Misimu mitatu imetoa episodi zaidi ya 150, karibu zote za dakika saba. Sauti za watoto ni za watoto wa watengenezaji wenyewe, na majina yao hayatajwi. Ndiyo maana wanakatiza maneno, wanavuta pumzi na kulalamika kama watoto wa kweli, si kama watu wazima wanaobana sauti.

Kinachomshika mzazi ni wazazi waliomo ndani. Kwenye katuni nyingi baba ni wa kuchekwa tu au hayupo kabisa. Bandit na Chilli wapo, wamechoka, na bado wanacheza. Utamwona baba amejilaza hataki kuinuka, anatafuta njia ya kuukwepa mchezo, anakubali shingo upande, kisha baada ya dakika mbili yeye ndiye anayecheza kuliko wote. Katika "Hospital" Bingo ni daktari, Bluey ni muuguzi, baba ni mgonjwa mwenye paka tumboni. Kazi ya mgonjwa ni kulala na kulalamika, basi. Baba aliyetoka kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela anaumudu mchezo huo hata kama hana nguvu ya kusimama.

"Takeaway" ni nzuri zaidi. Baba na watoto wawili wamefuata chakula cha jioni, kila kitu kiko tayari isipokuwa kimoja, na wanaambiwa wasubiri dakika tano. Ndani ya dakika hizo mtoto anabanwa na mkojo, bomba la maji linaachwa wazi, na baba anabaki akizima moto huku mwingine unawaka kule. Aliyewahi kusimama kibandani akingoja chipsi mayai na watoto wawili wenye njaa hahitaji mkalimani. Mtoto anacheka kwa sababu ya maji. Mzazi anacheka kwa sababu anaijua ile sura ya baba, na dakika ya mwisho, Bandit anapoacha kupambana na kujiunga na watoto, wote wawili wanacheka pamoja. Vicheko viwili kwenye tukio moja: ndivyo katuni hii ilivyoandikwa tangu mwanzo.

Akina mama waanze na "Baby Race". Chilli anasimulia alivyohangaika Bluey alipochelewa kutembea huku mtoto wa mwenzake akimtangulia. Yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki siku ya kupima uzito, akasikia "wa kwako ameanza kusimama?", ataelewa kila sekunde. Maneno anayoambiwa Chilli na mama mwingine mwenye watoto wengi hatuyaandiki hapa. Yasikie mwenyewe, na leso iwe karibu.

Sasa suala la heshima, maana wazee wengi wakipita sebuleni ndilo wanaloliona kwanza: mbona hawa watoto wanamwamrisha baba yao? Ni hoja ya kweli, na haifai kupuuzwa. Lakini tukumbuke kwamba kwetu mzaha wa aina hii upo, ila una mwenyewe. Ni wa babu na bibi. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", babu hugombea chakula na mjukuu, na hakuna anayeona adabu imevunjwa, kwa sababu ni utani na kila mtu anaujua mpaka wake. Anachofanya Bandit ni utani wa babu kwenye kiti cha baba. Kwa hiyo nyumba yenye bibi au babu imebahatika: mkalishe katikati, muwashie "Grannies", ambamo Bluey na Bingo wanajifanya vikongwe Janet na Rita, kisha mwache aamue mwenyewe kama vikongwe wameigizwa sawasawa. Baba anayeogopa kupoteza heshima atumie kanuni moja: mchezo unafunguliwa kwa maneno, "mchezo umeanza", na unafungwa kwa maneno, "mchezo umekwisha". Ukishafungwa, baba ni baba. Watoto wa miaka minne huizoea kanuni hiyo haraka, mradi mtu mzima asiivunje yeye kwanza.

Kikwazo kikubwa zaidi Dar ni lugha. Sauti ni ya Kiingereza cha Australia, cha haraka, kilichojaa misemo ya huko. Hata mtoto wa English medium hupotea, na wa shule ya kayumba atapata picha tu. Dawa yake ni mpangilio. Usianze na episodi ya kwanza. Anza na "Rain", ambayo karibu haina mazungumzo: mvua inanyesha, Bluey anajaribu kuzuia maji yanayoteremka kwenye njia ya kuingilia nyumbani, mama yake anakuja na kurudi. Ifuatie "Sleepytime", ndoto ya Bingo anayetaka kulala usiku kucha kitandani kwake. Maneno ni machache mno na muziki umejengwa juu ya "Jupiter" ya Gustav Holst. Ya tatu iwe "Camping", ambamo Bluey anakutana na Jean-Luc anayezungumza Kifaransa, na wanacheza siku kadhaa bila kuelewana neno. Mtoto asiyejua Kiingereza atajiona humo.

Baada ya hizo tatu, episodi zenye maneno mengi zitazameni mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza mzazi anyamaze kabisa. Kosa linaloharibu utazamaji ni kutafsiri kila sentensi: kichekesho kinapita wakati bado unaeleza kile kilichotangulia, na mtoto anaanza kukutazama wewe badala ya kioo. Ikiisha, eleza kisa kwa sentensi mbili za Kiswahili. Mara ya pili simamisha sehemu mbili au tatu tu na uulize, "unadhani baba atafanyaje?" Jumla ni kama dakika kumi na tano, zinabaki tano za mchezo. Kama siku nyingi anayeshinda na watoto ni dada wa kazi, mwite naye akae. Yeye ndiye atakayecheza nao kesho saa nne asubuhi.

Chaneli rasmi ya Bluey iko YouTube, ina vipande vingi na baadhi ya episodi nzima. Hakikisha jina la chaneli lina alama ya tiki. Nakala za wizi zinajulikana haraka: picha imegeuzwa kushoto kulia au imewekewa fremu nene, sauti imepandishwa au kushushwa ili isikamatwe. Hatari yake kubwa si ubora, ni kwamba baada yake hufuata video za ajabu zilizotengenezwa na watu wengine kwa kutumia sura za wahusika hao. Zima swichi ya kucheza video inayofuata kabla hujampa mtoto simu.

Kuhusu bando: dakika saba kwa ubora wa 360p hula takriban MB 35 hadi 50, kwa 480p kama MB 60 hadi 70, na kwa 720p hupita MB 120. Mistari ya katuni hii ni safi na rangi zake ni bapa, kwa hiyo 480p inatosha hata kwenye runinga ya inchi 32. Shida huja pale TV janja inapounganishwa kwa hotspot ya simu: TV hujichagulia ubora wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu, na bando la siku linakwisha kabla ya episodi ya tatu. Ingia kwenye mipangilio ya video, weka 480p kwa mkono, na ukague kila unapoanza video mpya. Wanaotaka kutoa picha kwenye simu kwa waya wa HDMI wajue kwamba simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la chaji, hata ukinunua adapta. Tundu lenyewe halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Jaribu adapta dukani na simu yako mwenyewe kabla ya kulipa, au tumia laptop.

Tuje kwenye michezo, maana huko ndiko katuni hii inapolipa.

"Keepy Uppy" inahitaji puto moja tu: lisiguse chini. Zima panga boi na feni ya kusimama kwanza. Upepo unalipeleka puto kwenye kona, na mtoto anayerukia juu ya kochi mkono wake unakaribia mapanga. Pulizia hadi robo tatu ya ukubwa wake. Likijaa sana linapasuka kwa kugusa ukuta wa plasta ya kukwaruza. Watoto wakizoea, ongeza ugumu kama afanyavyo Bandit: mkono mmoja, kisha kwa kichwa, kisha mmekaa chini. Likipasuka okota vipande vyote papo hapo, kwa sababu mpira wa puto humkaba mtoto mdogo kooni vibaya sana.

"Shadowlands" ni ya kutembea kwenye vivuli tu, bila kukanyaga penye jua. Hapa saa ya kucheza ndiyo kila kitu. Dar iko karibu na ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la saa sita mchana hupita karibu utosini. Kivuli kinabaki chini ya miguu na mchezo unakufa. Cheza kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, ambapo ukuta wa uani na mwembe wa jirani hutoa njia ndefu. Viatu vivaliwe, sakafu ya saruji iliyopigwa jua inaunguza. Mtoto atataka kubadilisha kanuni akikwama, na hilo ndilo hasa linalojadiliwa kwenye episodi yenyewe, kwa hiyo mkumbushe kilichotokea humo na usimruhusu.

Kwa "Magic Xylophone" hamna haja ya kununua chombo. Sufuria na mwiko vinatosha: anayepigiwa anaganda. Ugomvi wa zamu utatokea, basi aliyeshika mwiko ahesabu hadi kumi na kuukabidhi. Ule wa mvua usubiri masika, lakini bwawa lijengwe kwa maji yanayotoka kwenye bati la nyumba, ndani ya uzio. Maji ya mtaroni hapa mjini yanabeba vinyesi, na hakuna mchezo unaostahili kipindupindu.

Kasoro zipo. Nyumba ya Bluey ni kubwa, ina bustani na veranda pana, na wazazi wake wanaonekana wana muda usiokwisha. Familia ya vyumba viwili Tabata ichukue mchezo na iache nyumba. Vichekesho vya kujamba vipo, si vingi. Na kwa kuwa wahusika ni mbwa, nyumba nyingine zitasita kwa sababu za dini, na zina haki hiyo. Kwa wengine wote kuna onyo la afya: mtoto anayempenda Bluey atataka kumshika mbwa koko wa mtaani. Mwambie mapema kwamba mbwa wa kweli haguswi bila mtu mzima. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa kumfundisha mtoto mdogo kuhesabu na herufi kwa Kiswahili, katuni ya Akili and Me ya shirika la Ubongo, inayotengenezwa hapa hapa Dar, bado ndiyo ya kuwashwa. Akili wa miaka minne, anayeishi chini ya Kilimanjaro na kuingia Lala Land akilala, anazungumza moja kwa moja na mtoto. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu ianze na Akili mchana na kuweka Bluey jioni, wazazi wakiwapo.

Episodi mbili zitazame mwenyewe kwanza. "Copycat" ina ndege anayekufa, na mtoto aliyefiwa karibuni atauliza maswali ambayo ni vizuri uwe umeyafikiria. "The Sign" ya mwaka 2024 ina urefu wa dakika 28, na habari yake ni nyumba kuwekwa sokoni na familia kujiandaa kuhama. Kwa mtoto aliyezoea kuhamahama kwa sababu kodi imepandishwa, hiyo haitakuwa hadithi ya Brisbane. Msiiwashe usiku wa kuamkia shule.