Hekalu la Thanjavur: mawe yamenishinda kwa uzuri, mwongoza wageni kaniudhi

Tuliyempata langoni kutuongoza ndani ya hekalu la Brihadisvara, Thanjavur, kusini mwa India, alitumia karibu muda wake wote kutueleza mambo mawili, na yote mawili ni uongo. La kwanza, eti kilele cha mnara ni jiwe moja la tani 80. La pili, eti kivuli cha mnara hakigusi ardhi kamwe.

Kivuli kinagusa. Nenda asubuhi, zunguka hadi nyuma upande wa magharibi, utakikuta kimelala uwanjani. Kinachowapoteza watu ni saa sita mchana: jua liko karibu na utosi, mnara ni mpana chini na mwembamba juu kama piramidi, basi kivuli kinaangukia mabega yake mwenyewe. Na kilele kimeungwa kwa vipande. Waliolipima jengo hilo walishalimaliza suala hili zamani.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli una maajabu zaidi. Mnara ule una kimo cha karibu mita 60, ni graniti, ulikamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, na ndani uko wazi! Hakuna tao. Kila safu ya mawe inatokeza ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, hadi pande nne zinakaribiana huko juu. Graniti inavumilia sana kubanwa, lakini ukiilaza kama boriti na kuitwisha mzigo, upande wake wa chini unavutika na hapo ndipo inapopasuka. Mti hupinda kwanza, ukakuonya. Jiwe halionyi. Ndiyo maana nguzo za ukumbini zimesogeleana namna ile. Yeye akatuambia ni nyingi kwa sababu mfalme alikuwa tajiri.

Lakini hayo yote ningemsamehe. Ukuta wa chini siwezi.

Kuzunguka kitako cha hekalu kumechongwa maandishi ya Kitamil, mstari juu ya mstari. Mfalme aliamuru vichongwe humo alivyotoa yeye, alivyotoa dada yake, walivyotoa wake zake na watu wengine. Ni daftari la hesabu lililoandikwa kwenye jiwe. Wamo wacheza ngoma 400 wa hekalu, kila mmoja na jina lake na nyumba aliyopewa. Imo hesabu ya samli ya kuwashia taa: ili taa moja iwake siku zote, mfugaji alikabidhiwa kondoo majike 96 au ng'ombe 48, naye akadaiwa samli kila siku. Nilipoinama kuyatazama na kumuuliza, alijibu kwa ukali, mbele ya wote: "Hayo ni maandishi tu. Umekuja kuona hekalu au kukagua ukuta?" Kisha akatuswaga kwenda kwa sanamu ya Nandi, fahali wa mungu Shiva, akidai ni wa Rajaraja. Fahali yule ni mzuri, kachongwa kwenye jiwe moja, ila ni wa enzi za watawala wa Nayaka, karne nyingi baadaye.

Wala hakutaja kilichofungiwa juu yetu. Kati ya kuta mbili za chumba kitakatifu mna ushoroba wa ghorofa mbili, wageni hawaruhusiwi. Wa chini una michoro ya rangi ya Chola, iliyofichwa na rangi za Nayaka hadi ilipogunduliwa mwaka 1931. Wa juu una mikao 81 ya ngoma ya Shiva kati ya 108, na mawe ya mikao iliyobaki yapo ukutani, hayajachongwa. Hapo unajua jinsi mafundi walivyofanya kazi: jiwe lilijengwa kwanza, patasi ikafuata.

Nilitaka kuandika msichukue mtu wa kuwaongoza kabisa. Nafuta kauli hiyo, maana mgeni akienda peke yake bila kujiandaa atapita ukuta ule bila kujua ni kitu gani. Ila kabla ya kupatana bei, muulize kilele kina mawe mangapi. Akijibu moja, mshukuru uende zako. Huyu wetu simpi hata nyota moja. Hekalu nalipatia nyota tano, na ningeona aibu kulipunguzia kwa sababu yake.

Viatu vinaachwa langoni, na mchana sakafu inaunguza nyayo, kwa hiyo beba soksi nene. Zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Usipapase herufi, jasho na mafuta ya vidole hunasa vumbi. Zisome kuanzia saa kumi na moja jioni: Desemba na Januari ukuta wa kusini, Juni ukuta wa kaskazini. Jua likija kutoka ubavuni, kila mchongo unapata kivuli chake, na mstari ambao mchana ulionekana kama mikwaruzo unasomeka.