Mashine ya kufulia ya GE: imeundwa Louisville, mwenyewe yuko Qingdao

Mashine yetu ya zamani ilikufa mwezi wa pili, maji yakiwa pomoni na jinzi za wanangu ndani. Nilizikamua kwa mikono bafuni, na kwa wiki tatu zilizofuata kila Jumapili nikabeba mifuko miwili ya nguo hadi kwenye mashine za kulipia. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali hapa Louisville, Kentucky, mwaka wa tisa huu. Nguo iliyosuzwa vizuri naijua kwa kuigusa tu.

Niliyonunua ni GE ya kufungulia juu, ya futi za ujazo 4.5, yenye mhimili katikati unaosukasuka nguo. Bei yake dola 698, na kodi ya mauzo ya Kentucky, asilimia 6, ikaifikisha 739.88. Waliotuletea waliiacha barazani na kuondoka, ingawa tulikuwa tumelipia kufungiwa. Mume wangu na jirani wa ghorofa ya chini ndio walioiingiza ndani na kuunga mipira ya maji.

Miezi minane sasa, inafua mara tano au sita kwa wiki. Nguo za jikoni zenye mafuta zinatoka safi kwa maji ya moto bila kulowekwa usiku kucha. Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kujaza maji hadi juu. Mashine nyingi za siku hizi hupima maji zenyewe, na blanketi nene huishia kulowa upande mmoja tu. Hapa nabonyeza, maji yanapanda, nalo linaogelea. Ikikamua, taulo hutoka na unyevunyevu tu, hivyo hazikawii kukauka. Mfuniko hujifunga kazi ikiendelea, kwa hiyo hesabu soksi kabla ya kuwasha. Usiijaze hadi kwenye ncha ya mhimili, acha kiganja kimoja wazi, maana nguo zisipopata nafasi ya kuzunguka hazitakati kwa mashine yoyote ile.

Muuzaji dukani alinihakikishia kwamba hii ni mashine ya Kimarekani mia kwa mia. Jirani yangu, yule aliyeunga mipira, anafanya kazi Appliance Park, kiwanda kikubwa cha hapa mjini ambako mashine hizi huundwa. Siku ile ile aliniambia, huku akifuta mikono, kwamba tajiri wake ni Mchina. Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili, na anayetaka kununua mashine hii ana haki ya kulijua.

General Electric, ndiyo hiyo GE, iliuza kitengo chake chote cha vifaa vya nyumbani. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Electrolux ya Uswidi, kwa dola bilioni 3.3, lakini Wizara ya Sheria ya Marekani ikaupinga mpango huo kwa hoja ya ushindani, nao ukavunjika Desemba 2015. Mwaka 2016 Haier, yenye makao yake Qingdao, China, ikakichukua kwa bilioni 5.4. Bei hiyo ilikuja na viwanda, wahandisi, na haki ya kutumia jina la GE kwa miaka 40. Nembo iliyo mbele ya mashine yangu, basi, imekodishwa. Aliyeiunda ni jirani yangu na wenzake, na faida inakwenda kwa wenye hisa wa Haier.

Pesa ya kununulia kampuni kama hiyo inatoka wapi? Marekani haijauza nje kuliko inavyonunua tangu mwaka 1975. Mwaka 2024 pengo la bidhaa na huduma lilizidi dola bilioni 900. Tukinunua televisheni, viatu na simu, dola zinakwenda kwa aliyetuuzia, naye hawezi kuziacha zilale. Baadhi yake hununua bidhaa zetu. Zinazobaki zinarudi kununua mali: dhamana za serikali, hisa, majengo, na kampuni nzimanzima. Si lazima dola ya viatu iwe ndiyo ileile iliyomnunulia Haier kiwanda, kwa sababu pesa hupita mikono mingi na mabenki mengi. Lakini ukijumlisha nchi nzima, hesabu lazima zikutane: nchi inayonunua kuliko inavyouza hulipia tofauti kwa kukopa au kwa kuuza mali yake. Mwisho wa 2024, mali ambazo wageni walikuwa nazo Marekani zilizidi zile ambazo Wamarekani walikuwa nazo nje kwa zaidi ya dola trilioni 26.

Na hesabu hiyo husukuma pande zote mbili. Wageni wakigombania mali za Marekani, dola inapanda thamani, bidhaa za nje zinakuwa rahisi kwetu, na zetu zinakuwa ghali kwao. Kwa hiyo mwanasiasa anayesimama jukwaani kushangilia mitaji ya nje inayomiminika, kisha akalaani nakisi ya biashara, yaani lile pengo la kununua kuliko kuuza, dakika hiyohiyo, anazungumzia pande mbili za ukurasa mmoja wa daftari.

Hapa Kentucky hatuhitaji kwenda mbali kuyaona haya. Jim Beam, pombe ya mahindi inayojivunia jimbo hili, ni mali ya Suntory ya Japani tangu 2014. Toyota inaunda magari Georgetown tangu 1988. Nchi nzima, bia ya Budweiser ilikwenda kwa InBev ya Ubelgiji mwaka 2008, nyama ya nguruwe ya Smithfield ikaenda kwa Wachina mwaka 2013, na kampuni ya chuma ya U.S. Steel ikaangukia kwa Nippon Steel ya Japani mwaka 2025.

Nilipoanza kufuatilia nilikuwa na hasira, nakiri. Halafu nikaisoma historia ya Appliance Park yenyewe. Mwaka 1973 ilikuwa na wafanyakazi karibu 23,000. Kufikia 2011, wa kulipwa kwa saa hawakufika 2,000. Miaka yote hiyo mwenyewe alikuwa Mmarekani. Maytag nayo ilikuwa ya Kimarekani ilipofunga kiwanda chake cha majokofu cha Galesburg, Illinois, mwaka 2004 na kuhamishia kazi Mexico. Ni Haier, wa Qingdao, ambaye Juni 2025 alitangaza kutumia dola milioni 490 kuhamishia uundaji wa mashine za kufungulia mbele, na zile zinazofua na kukausha kwa pamoja, kutoka China kuja hapa Louisville, kwa ajira 800. Uzalishaji unatarajiwa kuanza 2027. Jirani yangu alinionyesha habari hiyo kwenye simu, uso umemnawiri. Kwake yeye hilo ni zamu za kudumu na bima ya watoto.

Sitamwambia furaha yake haina maana. Lakini kazi zikirudi, umiliki haurudi nazo. Maamuzi ya mwisho juu ya jengo lile yatatoka ng'ambo, na gawio la faida litavuka bahari kila mwaka. Wala milioni 490 hizo hazizibi pengo la nchi. Mashine zitakazoacha kuingizwa zitapunguza mzigo wa bandarini, ndiyo, ila nchi ikiendelea kutumia kuliko inavyozalisha, pengo litatokea kwenye bidhaa nyingine.

Ushuru wa forodha tuliujaribu kwenye mashine hizihizi. Januari 2018 serikali iliweka ushuru wa asilimia 20 kwa mashine za kufulia milioni 1.2 za kwanza kuingia, na asilimia 50 kwa zinazozidi hapo. Samsung ilifungua kiwanda Newberry, South Carolina, na LG ikajenga Clarksville, Tennessee. Kampuni za Korea zote mbili, kwa hiyo umiliki wa wageni uliongezeka. Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani na Chuo Kikuu cha Chicago walikuta bei ya mashine ya kufulia imepanda karibu asilimia 12, na hata mashine za kukaushia, ambazo hazikutozwa ushuru huo, zilipanda kwa sababu watu hununua mbili pamoja. Walikadiria kila ajira iliyopatikana iliwagharimu wanunuzi kama dola 815,000 kwa mwaka. Mshahara wangu wa miaka mingapi huo! Aliyelipa ni mama kama mimi, aliyekuwa na ndoo na jinzi zilizolowa.

Ukinunua yako, basi, usiridhike na nembo. Ukitaka mwenyewe awe kampuni ya Marekani, uliza Whirlpool, wenye makao Benton Harbor, Michigan, na kiwanda cha mashine za kufulia Clyde, Ohio. Ukitaka mikono iliyoiunda iwe ya hapa Louisville, chukua kama yangu, ukihakikisha kwenye kibandiko, kwa sababu zile za kufungulia mbele bado zinatoka China mpaka uhamisho ule ukamilike. Na duka likikuahidi kufunga mashine, usitie sahihi ya kupokea hadi uone maji yanaingia.

Mimi naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya lile neno la muuzaji, mia kwa mia, ambalo kibandiko cha nyuma ya mashine hakikulisema. Mashine ya kukaushia nitanunua mwezi wa nne pesa ikitimia, na jirani ameahidi kuniambia ni ipi wanayoiunda wao.