Makombe ya bahari: uokote mwenyewe au ununue?

Tuanze na pesa. Anayekaa pwani anaokota bure. Wa Dodoma au Nairobi, nauli yake tu ingemnunulia kauri kapu zima. Siku nzuri ni za bamvua, maji yakipwa mbali. Ila ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu au Kisite, usiokote hata moja.

Kwa sura, muuzaji anashinda. Kauri yake inang'aa kama imepakwa mafuta (na mara nyingine imepakwa kweli). Ya ufukweni imefifishwa na jua, mdomo umemeguka. Lakini mng'ao ule kwa kawaida maana yake konokono alitolewa akiwa hai, na mimi hilo linanikera. Tena muuzaji ni nadra kujua kombe limetoka wapi, na kombe lisiloandikiwa mahali wala tarehe lilipookotwa ni pambo tu.

La kuokota linadai kazi. Chungulia ndani: ukimkuta kaa, mrudishe. Loweka, sugua kwa mswaki wa zamani, anika kivulini. Siki usitumie, inalila kombe lenyewe. Na koni, yule konokono wa bahari mwenye kombe lililochongoka kama pia, akiwa hai usimshike kabisa. Mwiba wake una sumu, na baadhi ya aina huua mtu. La dukani unalifuta vumbi, basi.

Mwenye watoto na bahari jirani, aanze na ndoo. Wa bara anayetaka aina nyingi upesi, atafute mkusanyiko wa zamani wenye lebo zake, ambao mmiliki wake anaachana nao.