Kulala kwenye Hiace au kupanga chumba Ngamiani, Tanga?

Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Mimi nataka 45, kwa hiyo nimepiga hesabu ya wapi pa kulala ili niweke akiba zaidi.

Chumba Ngamiani kina kero zake: kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na ugomvi wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) na wapangaji wenzako. Ila choo kipo, na jirani atakuanulia nguo mvua ikinyesha.

Hiace haina kodi, na hapo ndipo wengi tunaponasa. Niliazima ya mjomba, nikalala Raskazone siku mbili. Bati likishapigwa jua la Februari mchana kutwa, saa tano usiku bado linakutoa jasho. Fungua kioo, mbu hao. Usiku wa pili mlinzi akagonga kwa rungu: "Kaka, hapa si gesti." Ongeza bima, choo cha kulipia, na chumvi ya bahari inayotafuna bodi.

Kapera anayezunguka Korogwe na Lushoto kikazi labda ataifaidi. Lushoto angalau kuna baridi. Mimi nimehama vyumba viwili nikachukua kimoja, na tofauti ya kodi naiweka UTT, kwenye mfuko wa uwekezaji. Hiace nimeirudisha, na mjomba bado ananidai kioo cha pembeni.